Kahawa Ina Msimu na Ina Mwenyewe

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mimi, mkaangaji kahawa, Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya Isha, mbele ya wauza kahawa wa madele, wenye mikahawa na majirani zetu. Nimeyaandika karibu na vile nilivyoyasema, nikaondoa tu yale ya kukaribishana.)

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja na mvua yote hii. Najua kuna walioacha madele kwa vijana ili waje hapa, na usiku wa mvua ndio usiku wa kahawa. Sitawaweka sana.

Nataka nianze na neno msimu. Sisi tuliozaliwa na bahari nyuma ya nyumba twalijua neno hili kabla ya kwenda chuoni. Msimu ni upepo. Kaskazi ikivuma vyombo huja, kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika vyombo hurudi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na mabaharia wa Kizungu nao wakaliazima hilo hilo kuziita pepo hizi. Wazee wetu walipanga arusi, madeni na safari kwa msimu. Hakuna aliyemlazimisha nahodha kwenda Maskati mwezi wa Januari. Hata leo embe dodo tunalingoja, na mvuvi ukimtaka pweza atakwambia ungoje bamvua.

Lakini kahawa tunakunywa mwaka mzima, asubuhi na jioni, na sijapata kusikia mtu barazani akauliza: hii ni ya msimu gani? Mimi mwenyewe nilikaa na kahawa tangu utoto na sikuuliza mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Babu yangu alikuwa muuza kahawa. Wengine hapa mlikunywa kwake. Dele la shaba, makaa chini yake, vikombe mkononi akivigonganisha, nasi ndani tukisikia twajua ni saa ngapi. Alinunua kahawa ya Uganda, aina ya robusta, kwa gunia, akaikaanga kwenye kaango la chuma mpaka ikatoa mafuta, akaitwanga na tangawizi kavu na iliki. Sijapata kunywa kahawa iliyonituliza kama ile. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimekuja kuwafundisha kazi wazee walioifanya miaka 40. Kahawa tungu na kashata yake ni elimu ya mji huu. Nililokuja nalo ni swali ambalo babu hakupata nafasi ya kuliuliza: buni hii imetoka mkononi mwa nani, na imechumwa lini?

Lugha yetu imejaliwa hapa. Mti tunauita mbuni, mbegu ni buni, na kinywaji ndicho kahawa. Kila kitu kina jina lake. Lakini huko bara, katika biashara, neno mbuni limepewa kazi nyengine: ni jina la cheri, yaani tunda la kahawa, iliyoachwa ikakauka nzima bila kumenywa, na ndiyo ya bei ya chini mnadani. Inaniuma kidogo kila nikilisikia, jina la mti mzima kupewa kahawa ya mwisho.

Na tusijione wageni katika habari hii. Kahawa ya Kenya ilianzia upande wetu. Mwaka 1893 mapadri wa Kifaransa walipanda miche Bura, kwenye milima ya Taita. Ukipita Voi ukaenda njia ya Taveta, utaiona milima hiyo kwa macho yako. Miaka michache baadaye ikafika misheni ya St. Austin, Nairobi, na kutoka hapo ikaenea mashamba ya walowezi. Halafu ikaja sheria: Mwafrika ruhusa kuchuma kahawa ya bwana, kulima yake mwenyewe hapana. Ilikuwa miaka ya 1930 ndipo wachache wa Kisii, Embu na Meru waliporuhusiwa, tena kwa masharti, na mlango ulifunguka hasa baada ya mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ule wa Swynnerton, wa 1954. Nchi ilipanda mpaka mavuno yakafika karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kuuza yakavunjika, bei ikaanguka, na watu wengi wakakata tamaa na mibuni yao. Mashamba ya Kiambu mengi leo ni nyumba. Siku hizi nchi nzima inazungukia tani 40,000 hadi 50,000, na sehemu kubwa mno ya hizo hupita hapa bandarini Kilindini, pamoja na mamilioni ya magunia ya Uganda. Inapita usiku na mchana mbele ya macho yetu, ndani ya makontena, ikienda Ujerumani, Ubelgiji, Marekani. Sisi tunabaki na harufu ya dizeli ya malori.

Sasa niwapeleke Kirinyaga.

Ni Novemba, chini ya Mlima Kenya, mita kama 1,600 juu ya bahari. Udongo mwekundu unateleza, baridi ya asubuhi inauma masikio. Kiwanda cha chama cha ushirika kinachomenya kahawa huitwa fakitori, na bibi wa miaka 80 asiyejua neno jengine la Kizungu huita fakitori. Kuna mama mmoja mwanachama pale, sitamtaja jina kwa sababu hajaniruhusu, ana mibuni mia mbili na kidogo kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Nilikaa naye siku tatu.

Mimi nilidhani kuchuma kahawa ni kuvuta tawi na kukung'uta. Tawi moja lina cheri ya kijani, ya manjano na nyekundu, zimebanana bega kwa bega. Ya kijani ukiichuma, kikombe kitakwaruza ulimi. Iliyoiva kupita kiasi italeta ladha ya pombe iliyochacha. Anayoitaka yeye ni ile ya rangi ya damu ya mzee, inayotoka kwa kuizungusha kidogo tu na kikonyo chake kikabaki mtini. Vidole vyake havipapasi, vinajua. Na akimaliza miti yote mia mbili, baada ya siku 10 au 14 anaanza tena mti wa kwanza, hivyo hivyo mpaka Desemba.

Adhuhuri akabeba gunia mgongoni mpaka fakitori. Nilidhani atapima aondoke. Kumbe hapo kazi ndiyo inaanza. Wakulima humwaga cheri zao juu ya turubai, wakakaa chini, wakachambua moja moja: iliyo kijani kando, iliyotobolewa na mdudu kando, iliyokaukia mtini kando. Karani anapita akiangalia, na akiona ya kijani nyingi atakwambia urudie. Ndipo mizani. Siku ile zake zilikuwa kilo 43. Akaandikiwa risiti. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, pale mtu anapofunga pesa. Na pesa yenyewe haikuwapo.

Usiku ule mashine ilianza kumenya. Cheri inavuliwa ngozi, na mbegu mbili za ndani zinaingia tangini zikiwa zimevikwa ute mtamu unaonata. Zinavundikwa usiku kucha na zaidi, kutegemea baridi. Mzee wa zamu akaniita. Alitia mkono tangini akatoa ukufi wa kahawa, akaifikicha karibu na sikio langu. "Sikiza," akasema. Sikusikia kitu, ilikuwa inateleza kama bamia. Akanirudisha alfajiri, akafikicha tena, na mara hii ikakwaruza kama changarawe chini ya kiatu. Ute umekatika. Akafungulia maji papo hapo. Angechelewa, ingechacha, angewahi, ute ungebaki ukaiharibu vitandani. Mzee yule hakuwa na kipimo isipokuwa sikio lake, na fakitori nzima, maelfu ya kilo za watu mia kadhaa, ilikuwa inangojea sikio hilo.

Kisha huoshwa kwenye mifereji. Nzito huzama, nyepesi huelea ikatengwa. Kisha vitanda vya wavu, wiki mbili hivi au zaidi. Jua la saa sita likichoma hufunikwa, ganda lisipasuke. Jioni hufunikwa tena kwa sababu ya umande. Asubuhi huanuliwa mafuniko, wakapita watu wakichambua mara ya pili. Haya yote kabla haijafika kwenye kinu cha kukoboa, kabla ya mnada, kabla ya mimi.

Nilirudi Mombasa nikapiga hesabu, na hesabu hii naomba mwende nayo nyumbani. Kilo 7 za cheri, au karibu na hapo, hutoa kilo moja ya kahawa mbichi. Nikiikaanga inapoteza maji, inabaki gramu 800 na kitu. Kikombe kikubwa cha kahawa nzuri ni gramu 15 za unga. Rudi nyuma: hicho kikombe kimoja ni cheri kama 60, zilizochaguliwa na vidole moja moja, zikachambuliwa juu ya turubai moja moja. Mbuni unaotoa kilo 3 za cheri kwa mwaka, na mibuni mingi ya wakulima wadogo iko hapo hapo, unatupatia vikombe kama 24. Mti mzima, mwaka mzima, mvua, mbolea, dawa, kupogoa, vikombe 24. Baraza moja ya watu sita huumaliza mti huo kwa siku nne.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mama yule anachumia juani, na kwa miaka mingi kivulini amekula mwengine.

Maana cheri za Novemba hulipwa mwaka unaofuata. Ni lazima zikobolewe, zipangwe kwa madaraja, ziende mnadani Nairobi, zinunuliwe, gharama za chama na kinu zikatwe, ndipo mkulima aone kilo yake imepata nini. Tangu 2023 malipo ya mnada yanapita katika mfumo wa kuwalipa wakulima moja kwa moja, na wengi niliozungumza nao wamesema umewasaidia. Vyama vizuri vimewahi kulipa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo ya cheri; vyengine, mlima ule ule, mvua ile ile, vikalipa nusu ya hapo au chini yake. Lakini hata malipo yakiwa mazuri, karo ya Januari haingoji. Kwa hivyo mama anakopa kwa mtu wa jirani, na riba inakula kahawa kabla haijakaangwa.

Nije kwa daraja, kwa sababu hapa wengi wetu tumedanganywa, nami nikiwa mmoja. Mwaka wangu wa kwanza dalali mmoja aliniuzia gunia akiliita "AA ya Nyeri". Nikalipa bei ya AA. Nikakaanga, nikaonja, ikawa kama kunywa maji ya karatasi. Nikakaanga tena kwa moto mwengine, vile vile. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakunidanganya kwenye AA. Zilikuwa AA kweli. AA ni ukubwa wa mbegu, zile zinazobaki juu ya chekeche la matundu makubwa. AB ni ndogo kidogo, na PB ni ile mbegu moja ya mviringo inayozaliwa peke yake ndani ya cheri badala ya mbili. Herufi hizo hazikwambii ni ya lini. Gunia lile lilikuwa la msimu wa nyuma, pengine wa nyuma zaidi, limekaa ghalani mahali mpaka uhai wake umetoka. Nilikuwa nimeuliza daraja, nimeuliza wilaya, sikuuliza mwezi.

Na sisi wa pwani ndio wenye haja ya kuuliza mwezi kuliko wote. Kahawa mbichi hutakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Huko bara ukiiweka stoo penye ubaridi inakaa. Hapa, ukuta wenyewe unatoka jasho. Mwaka uliofuata nilinunua vizuri, magunia mawili ya Kirinyaga, ya Novemba, safi, nikayaweka chumba cha nyuma nikijiona nimefika. Ukaja Mei, mvua ya masika na kusi inavuma toka baharini. Siku moja nikafungua gunia nikasikia harufu ya mkeka uliolowa. Mbegu zilizokuja na rangi ya kijani ya bahari ya kina zilikuwa zimepauka kama majani makavu. Kipimo kikasoma 14. Nilijaribu kuziokoa kwa moto, haikuwezekana. Mama yule alichambua kila cheri juu ya turubai, mzee yule akaisikiliza alfajiri, nami nikaiua kwa kuiacha chumbani. Sikulala siku hiyo. Tangu hapo kila gunia linakuja na mfuko wa ndani usiopitisha hewa, linakaa juu ya mbao mbali na ukuta, na hatuteremshi zaidi ya kile tutakachokaanga kwa wiki sita. Mengine yanabaki bara, kwenye baridi yake.

Kwa hivyo msimu wetu sisi uko hivi. Mibuni ya mashariki ya Bonde la Ufa ina mavuno mawili. Mvua za Machi na Aprili huleta maua, meupe, yana harufu karibu na asumini, hudumu siku chache tu, na cheri zake huiva Oktoba mpaka Desemba. Huo ndio msimu mkubwa. Maua ya mvua za vuli nayo huleta msimu mdogo, unaochumwa kuanzia Aprili hadi Julai. Ya msimu mkubwa sisi huipata dukani kuanzia Machi hivi. Ya msimu mdogo, tunayoitoa Embu, hufika Agosti au Septemba. Katikati kuna wiki ambazo kibao chetu kinasema imekwisha, na wateja wapya hushangaa: duka la kahawa, vipi kahawa iishe? Mbona embe huisha? Duka likisema halina, ujue likisema linayo ni kweli.

Ladha zake pia si moja. Mama ana mibuni mingi ya SL28, ambayo ilichaguliwa na Maabara ya Scott pale Kabete katika miaka ya 1930. Hizo herufi SL ni za jina la maabara. Vitabu vya Wazungu huielezea kwa matunda ya kwao ambayo sijapata kuyaona. Mimi nikiinywa nasikia zambarau, ile iliyoiva ikakupaka ulimi, na nyuma yake ukwaju. Wako walionja juzi wakasema bungo. Mtoto yeyote wa Mombasa anayajua hayo, kwa nini tujifunze majina ya matunda ya theluji? Tatizo la SL28 ni kwamba inaugua: kutu ya majani, na ule ugonjwa wa CBD unaoozesha cheri zikiwa bado changa mtini. Dawa ni ghali na mvua huiosha. Kwa hivyo mama amepanda pia Batian, aina iliyotolewa 2010 ili kustahimili maradhi hayo. Nimezionja mbali mbali. SL28 yaniingia zaidi, nasema kweli yangu. Lakini sithubutu kumwambia abaki na mti unaomla pesa ya dawa ili mimi nisikie zambarau. Uamuzi ni wake.

Mashine yangu yachukua kilo 5 kwa mara moja, mnaijua, harufu yake huwafikia. Mwaka jana tulinunua magunia 14, kilo 840, ambazo ni karibu kilo 6,000 za cheri. Kwa meli inayotia nanga Kilindini hicho si kitu. Kwa chama kile ni risiti nyingi zilizokunjwa. Tulichoamua ni kutuma sehemu ya pesa Novemba, kahawa ikiwa bado vitandani, ili mtu alipe karo pasipo kumwendea mkopeshaji. Na kwenye kila pakiti tumeandika mahali, mwezi wa kuchumwa, siku ya kukaangwa, na shilingi ngapi mkulima alilipwa kwa kilo ya cheri. Hiyo ya mwisho ilinigharimu marafiki wawili katika biashara. Naiandika bado, na wenye mikahawa mlioko hapa naomba mniulize hayo kila mnaponunua, na mkinunua kwa mwengine mumuulize vile vile.

Mzee mmoja alinishika mkono pale mlangoni kabla hatujaanza. Akaniuliza, "Mwanangu, wataka tuache kahawa yetu tunywe hii ya uchachu?" Mzee wangu, hapana, na nakujibu mbele ya watu. Dele halitaki kahawa chachu. Dele lataka moto. Lakini kaango la babu lilikaanga mpaka mwisho kwa sababu mbegu zilizomfikia zilikuwa za kila namna, na moto mkali huzifanya zote kuwa sawa, nzuri na mbovu. Ukiwa na buni ya msimu, iliyochambuliwa mara mbili, huna cha kuficha. Ikipasuka mara ya kwanza, kama mahindi ya bisi, nasubiri. Mpasuko wa pili ukianza, ule mwembamba kama kukanyaga majani makavu, nahesabu kidogo na kuimwaga ipoe. Ni nyeusi, ina uchungu wake wa heshima, na haijawa mkaa. Ile ndiyo ya dele.

Kijana mmoja wa Makadara ametujaribia tangu Ramadhani. Siku za kwanza wateja walimwambia kahawa yake ina kitu. Akapunguza tangawizi, iliki akaacha pale pale, akazidisha kahawa kijiko kimoja kwa dele. Akaongeza shilingi 5 kwa kikombe na akawaeleza ni ya nani. Wiki ya pili wakaanza kuiita "ya Kirinyaga". Ilipokwisha mwezi wa tano, alirudia ile ya zamani kwa siku tisa, na barazani wakamuuliza, mama hajaleta? Yuko pale nyuma, amesimama, muulizeni hesabu zake, ni za kweli na ni zake mwenyewe kuzisema. Nataka madele matano mengine kwa msimu ujao. Matano tu, kwa sababu magunia ndiyo hayo.

Na jambo la mwisho. Siku ya kuondoka Kirinyaga nilimpa mama pakiti ya kahawa yake, niliyoikaanga mimi. Aliigeuza geuza mkononi. Akainusa. Akaniuliza, "Hii inapikwaje?" Nyumba nzima pale hunywa chai ya maziwa. Miaka zaidi ya 30 ya kuchuma, na kahawa yake mwenyewe hajapata kuionja. Nilipika kwa sufuria, vibaya, na maji yalikuwa na moshi. Alikunywa yote kwa adabu, lakini nilimwona uso.

Novemba tunakwenda tena Kirinyaga. Tutaondoka Ijumaa usiku baada ya Isha, tulale njiani, tufike Jumamosi wakati wa kupima cheri. Nafasi ni 11 kwenye gari, anayetaka aandikishe jina kwa kijana wa dukani, aje na sweta na viatu vya matope. Nataka wauza kahawa wawe wengi kuliko sisi wakaangaji. Makaa tutapata huko, tangawizi na iliki tutabeba, kashata bibi zetu wa Kibokoni wameahidi. Fakitori ile siku ya kupima huwa na watu hata 200 uwanjani. Vikombe tunavyo. Dele tunalo moja, la babu, na halitoshi watu 200. Twahitaji la pili, na mwenye mkono wa kulishika.